Breki na Ekzosi Mpya kwenye Hilux ya Mizigo: Kipi Kimelipa Hapa Pemba?

Asalamu alaykum watazamaji, karibuni tena chini ya gari. Leo tuko Chake. Gari ni Hilux ya zamani, injini aina ya 5L, dizeli isiyo na tabo, ile feni inayozungushwa na moshi kuisukumia injini hewa zaidi, na kazi yake mnaijua: karafuu msimu ukifika, mchanga na matofali siku nyingine zote. Imefungwa vitu viwili. Mbele kuna diski mpya za michirizi, pedi zake, na mipira ya breki iliyosukwa kwa waya. Halafu ekzosi nzima ya chuma cha pua. Mmeniuliza sana kipi kimelipa. Breki. Ekzosi nayo imelipa, lakini si kwa sababu atakayokwambia muuzaji.

Tuanze na ekzosi tuimalize. Sikilizeni mlio... haya. Umekuwa mzito kidogo, hausumbui. Ukipita msikitini watu wanaswali hutalaaniwa. Nguvu? Kwa injini hii usizihesabu. Kwenye gari ya tabo, tuseme yenye injini ya 1KD, bomba likiwa pana moshi unatoka bila kuzuiwa na tabo inaamka mapema, dereva anahisi. 5L haina hiyo tabo. Kile kilima cha kutokea bandarini Mkoani inakipanda kwa gia ileile ya zamani.

Faida yake ni kutu. Dizeli ikiungua hutoa mvuke wa maji, na safari zetu hizi fupi sailensa haipati moto wa kutosha kuyakausha. Maji yanakula chuma kwa ndani, chumvi ya bahari inakula kwa nje. Ila chuma cha pua nacho kina madaraja. 304 ina kromiamu kama 18 kwa mia na nikeli kama 8. 409 ina kromiamu kama 11, nikeli karibu hakuna, na hiyo baada ya muda hubadilika rangi na kushika kutu ya juu juu. Dukani zote zinang'aa. Njooni na sumaku. Naiweka hapa bomba lilipo nyoofu... imeanguka, hii 304. Hapa kwenye kona inashika kidogo, msishtuke, chuma hiki kikikunjwa huanza kuvutwa. Ikiganda kila mahali, basi hiyo si 304, usilipe bei ya 304.

Hebu leta taa huku nyuma. Mnaona bomba linavyopita juu ya ekseli? Gari ikiwa tupu, mkono unapita. Ukipakia, springi zinalala, ekseli inasogea juu, na pale pale jirani pana mpira wa breki na waya wa handbreki. Hili lilikuja na mkunjo mbaya, fundi amelikata na kulichomelea upya, na kwa bei yake nimekasirika kidogo. Pimeni nafasi gari ikiwa na mzigo, siyo ikining'inia kwenye jeki. Na waya wa kuchomelea uwe wa chuma cha pua, la sivyo kutu itaanzia kwenye ule ule mshono.

Sasa breki. Usitegemee diski mpya zikusimamishe kwa hatua chache ukikanyaga ghafla mara moja. Kama breki za zamani zilikuwa zinaweza kuyafunga matairi, hapo tairi ndiyo yenye neno la mwisho. Kazi ya diski hizi ni joto. Pemba hatuna mlima mrefu, lakini vilima haviishi: unashuka, kona, unapanda, unashuka tena, breki haijapoa. Na mwendo ukiwa mara mbili, joto la kusimamisha ni mara nne. Zile pedi za mwanzo zikishapata moto unakanyaga na gari inateleza tu, haikamati. Sasa hivi ina mchanga nyuma, imeshuka vilima vyote, mguu uko vilevile.

Michirizi hii inafuta vumbi na kutoa gesi ya pedi. Zile diski za matundu sizitaki kwenye gari ya mzigo, huanza nyufa kwenye matundu. Pedi ni za chembe za chuma: asubuhi zinalia, na rimu inakuwa nyeusi. Vumilia. Tazameni herufi hizi mbili pembeni, FF. Ya kwanza ni mshiko zikiwa za kawaida, ya pili zikiwa za moto. F ni kati ya 0.35 na 0.45, E iko chini yake. Ukiona FE, ujue zikichemka zinalegea, hata boksi liwe zuri namna gani.

Kitu kilichonifurahisha zaidi hakikununuliwa. Hii hapa, valvu yenye fimbo iliyoungana na ekseli ya nyuma. Gari ikilemewa, inaruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Ilikuwa imeganda kwa kutu na udongo mwekundu, kwa hiyo nyuma palikuwa hapafanyi kazi inavyopaswa na mzigo wote wa kusimamisha uko mbele. Imesafishwa, sasa fimbo inacheza, oneni. Mkiongeza springi za nyuma, hii irekebishwe, kwa sababu gari ikiinuka yenyewe inadhani hakuna mzigo. Na shuu za dramu, yaani breki za nyuma, zikazwe kabla hamjatoa hela ya diski.

Mipira ya waya imefanya pedali iwe ngumu, sawa, lakini mipira mipya ya kawaida ingetosha.

Mafuta ya breki ni daraja la DOT 4. Yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230, DOT 3 nyuzi 205, na yote mawili yananyonya maji kutoka hewani, na hewa yetu mnaijua. Badilisheni kila miaka miwili. Nunueni chupa ndogo yenye lakiri. Ile iliyofunguliwa ikakaa rafuni, hata mkipewa bure, iacheni hapo hapo.