Friji ya nyumbani kwenye gari-nyumba: tazama chaja kabla ya betri

Kwa familia inayopika, friji za gesi zinazokuja na magari-nyumba mengi ya Marekani ni ndogo. Nazungumzia yale magari yenye vitanda, jiko na choo ndani, ambayo huku Texas ni kitu cha kawaida kuyaona yamepaki kando ya nyumba za watu. La kwetu tulilinunua likiwa limetumika, na kilichomvutia mama watoto tangu siku ya kulikagua ni friji: futi za ujazo 18, milango miwili juu, droo ya friza chini, sawa na ile ya jikoni nyumbani. Samaki, tui la nazi la kugandisha, sambusa ambazo hazijakaangwa, vyote vinaingia na nafasi inabaki.

Nisizionee friji za gesi, zina sifa zake. Hazina kompresa. Moto mdogo unachemsha mchanganyiko wa maji na amonia, na mzunguko wake ndio unaoleta baridi. Umeme zinaotumia ni kidogo sana, wa kuendesha bodi ya kielektroniki tu, kwa hiyo unaweza kukaa porini siku nyingi bila kuwaza betri. Ila gari lazima lisimame pasawa, la sivyo mzunguko unakwama na ukirudia mara nyingi mtambo unakufa. Na joto la Agosti la huku likipanda, zinahema.

Friji ya nyumbani yenyewe inataka volti 120 saa 24. Ukifika kambi yenye nguzo ya umeme unachomeka waya na habari imeisha. Mtihani ni pale unapokuwa barabarani, au umelala mahali pasipo na nguzo. Hapo umeme unatoka kwenye betri za volti 12, unapita kwenye inveta, kifaa kinachoubadilisha kuwa wa volti 120, ndipo unafika kwenye friji.

Kabla ya kununua chochote niliweka kipima umeme kwenye plagi ya friji. Siku isiyo na joto kali ilikula uniti 1.4. Siku ya jua kali, watoto wakifungua mlango kila dakika, inakaribia 1.8. Chukua hiyo 1.4, ongeza upotevu wa inveta wa asilimia 10 hivi, unafika 1.55. Halafu kuna kitu ambacho wauzaji wengi hawakitaji mpaka uwaulize: inveta kubwa inakula umeme hata kama haijabeba mzigo wowote. Wati 20 hazionekani kuwa kitu, lakini zikikaa saa 24 ni karibu nusu uniti. Kwa hiyo friji "inayokula 1.4" inazichomolea betri uniti 2 kwa siku. Kwa betri za volti 12 hizo ni ampea-saa 160 hivi, na bado hujawasha taa, pampu ya maji, wala feni ya hita.

Mwenye gari wa kwanza alikuwa ameweka betri nne za volti 6, zile za maji zinazotumika kwenye magari ya gofu, ampea-saa 225 kila moja. Kwa makaratasi ni uniti 5.4. Betri za maji hushauriwi kuzishusha chini ya nusu kama unataka zidumu, basi zibaki 2.7. Inatosha siku moja na chenji, sivyo? Lakini kila tukilala bila nguzo, alfajiri inveta ilikuwa inapiga mlio wa chaji kuisha. Duka la kwanza tulilokwenda likasema betri zimechoka, ninunue nne nyingine za aina ileile. Fundi wa pili, mzee mmoja wa Kimeksiko asiyependa maneno mengi, hakuangalia betri kabisa. Alifungua kabati la umeme akapima chaja, ile inayojaza betri kwa umeme wa nguzo au wa jenereta: volti 13.6. Akaiacha mita pale niione, akatingisha kichwa.

Maelezo yake ndiyo yaliyobadilisha hesabu yangu yote. Betri ya maji ya volti 12 inataka isukumwe mpaka volti 14.4 hadi 14.8 kwa saa kadhaa ndipo ijae kweli. Chaja za kizamani za magari haya zinabaki 13.6 muda wote. Volti hiyo inafaa kuilinda betri iliyokwisha kujaa, lakini kujaza inajaza kwa kujivuta. Ikifika asilimia 80 hivi ampea zinaporomoka. Ukiwasha jenereta saa mbili au tatu ukazima, unarudi porini na betri yenye 80 ukidhani ina 100. Kutoka 80 mpaka 50 unapata uniti 1.6 tu. Tena betri isiyojaa siku hadi siku inajenga salfeti ngumu kwenye sahani zake, na uwezo wake unazidi kupungua. Ndiyo maana mlio ulikuwa unakuja alfajiri, na mara nyingi ulikuja wakati hita ya kuyeyushia barafu ya friji imewaka: wati 400 kwa mkupuo kwenye betri iliyochoka, volti zinaanguka hapohapo.

Basi tulianza na chaja. Tulitoa ile ya zamani pamoja na inveta, tukaweka mashine moja inayofanya kazi zote mbili, Victron MultiPlus 12/3000/120. Hiyo 120 ya mwisho ndiyo niliyoilipia: inaingiza hadi ampea 120 kwenye betri, na unaipangia volti kulingana na aina ya betri uliyonayo. Umeme wake ni wa mawimbi laini kama wa gridi, jambo la lazima kwa friji za kisasa zenye bodi ya kompyuta. Ukichomoa waya wa nguzo inabadilisha ndani ya milisekunde chache na friji haishtuki. Ninachokipenda zaidi ni kuipangia kikomo cha ampea za kuvuta kutoka nje. Tukipaki kwa shemeji yangu Houston tunachomeka kwenye soketi ya kawaida ya gereji, ninaiwekea ampea 12, na hakuna anayeangusha swichi ya nyumba ya watu. Lawama zangu: ni nzito, bei yake inauma, na hizo wati 20 za bure ndizo zake.

Betri za zamani tuliziacha msimu mmoja na chaja mpya. Zilifufuka kiasi, tukawa tunafika asubuhi bila mlio. Lakini kujaza betri za maji kuna ubishi ambao chaja bora haiwezi kuuondoa: asilimia 20 za mwisho zinataka saa nyingi hata uzipe mashine ya aina gani. Kwenye hifadhi ya Yellowstone, kambi zinazoruhusu jenereta zinaruhusu kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, na nyingine haziruhusu kabisa. Na hata pale panaporuhusiwa, nani anataka kukaa mchana kutwa kando ya jenereta wakati watoto wanataka kwenda kuona chemchemi za maji moto?

Hapo ndipo tukahamia lithiamu, aina ya LiFePO4, betri nne za ampea-saa 100. Kwa makaratasi ni uniti 5.1, pungufu kidogo ya zile za maji. Tofauti ni kwamba unaweza kutumia asilimia 80 au zaidi bila kuziumiza, na zinapokea ampea nyingi karibu mpaka mwisho. Chaja ikisukuma 120, uniti 2 za siku nzima zinarudi kwa jenereta ya saa moja na nusu. Uzito nao: nne za maji zilikuwa zaidi ya kilo 110, hizi nne kilo 50 hivi. Hakuna kuongeza maji ya betri, hakuna kutu kwenye vichwa vya nyaya. Kama ningeziweka hizi kwenye ile chaja ya volti 13.6, zingejaa polepole na hela yote ingekuwa imekwenda kwa faida ndogo.

Lithiamu ina masharti, na la kwanza ni baridi. Chini ya nyuzi 0 haitakiwi kuchajiwa. Betri nzuri ina bodi ya ulinzi ndani inayokata chaji yenyewe, lakini kukatwa chaji asubuhi ya theluji huko Colorado nayo ni shida, kwa hiyo za kwetu zinakaa chini ya kitanda, ndani kwenye joto. Za maji zisingeweza kukaa hapo kwa sababu zikichajiwa zinatoa haidrojeni. La pili ni altaneta ya injini. Ukiunganisha lithiamu moja kwa moja, inavuta ampea nyingi kiasi cha kuikaanga altaneta, hasa gari likiwa linanguruma bila kutembea. Katikati panawekwa chaja ya volti 12 kwenda volti 12. Ya kwetu ni ya ampea 30, sawa na wati 400 hivi. Safari ya saa tano inarudisha uniti 2, ukitoa kinacholiwa na friji njiani. Fundi aliyeifunga mwanzo aliibana kwenye kona isiyo na hewa, ikawa inapata moto na kupunguza ampea yenyewe. Tuliihamishia kwenye bamba la chuma lenye nafasi, ikatulia.

Sola tunayo ya wati 400 imelazwa juu ya paa. Kiangazi inaleta uniti 1.6 mpaka 2, maana yake friji inajilisha yenyewe au inakaribia. Desemba na Januari, jua liko chini na paneli zimelala, hesabu nusu. Jangwa la Quartzsite, Arizona, ambako wenye magari-nyumba hujazana majira ya baridi bila nguzo za umeme, wazoefu nimewakuta wameinua paneli zao kulielekea jua. Sisi tunawasha jenereta baada ya kifungua kinywa, basi.

Nyaya zisichukuliwe kwa mzaha. Inveta ya ukubwa huu kwenye volti 12 inaweza kuvuta zaidi ya ampea 200. Waya uwe mnene, uwe mfupi, na fyuzi kubwa ikae jirani kabisa na betri. Weka pia kipimo cha betri chenye shanti, kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Volti za lithiamu hazishuki mpaka karibu na mwisho, kwa hiyo ukizitegemea kukuambia kilichobaki zitakudanganya. Na milango ya friji ifunge mkanda. Hizi friji hazikutengenezewa kona za barabara. Dereva akikata kona kwa haraka, mtungi wa maziwa unamwagika na ugomvi unafuata.

Je, ningemshauri mtu aweke friji ya nyumbani? Kama unalala kwenye kambi za nguzo mara nyingi na familia ni kubwa, ndiyo, na anza bajeti yako kwenye chaja. Kama wewe ni mtu wa porini, au mko wawili tu, siku hizi kuna friji za kompresa zinazotumia volti 12 moja kwa moja. Hazihitaji inveta, ile nusu uniti ya bure inabaki kwenye betri, na unaweza kuzima inveta usiku ukalala. Ningekuwa naanza na gari tupu, ningezipigia hesabu hizo kwanza.

Ndugu zangu wa Dar wakiona picha huwa wanauliza kama ninaweza kuwatumia mashine kama hii kwa ajili ya umeme unaokatika. Hesabu ya friji ni ileile: pima uniti, ongeza upotevu, ongeza ulaji wa inveta, kisha uulize chaja itazirudisha kwa saa ngapi umeme ukiwepo. Lakini mashine msisubiri ya kwangu. Ya huku inatoa volti 120 kwa hezi 60, friji zenu zinataka 230 kwa hezi 50. Nunueni huko huko toleo la volti 230, na muuzaji awaonyeshe kwenye karatasi ampea za chaja kabla hamjatoa hela.