Uzoefu wangu wa kusoma usimamizi wa michezo Ujerumani, darasani na uwanjani

Nimehitimu shahada ya uzamili ya usimamizi wa michezo katika chuo kimoja cha umma kwenye jimbo la Nordrhein-Westfalen, magharibi mwa Ujerumani, na kwa kuwa naulizwa mara kwa mara kama masomo hayo yanastahili gharama na usumbufu wake, nimeona ni vyema nieleze kwa kirefu. Kwa maoni yangu yanastahili, tena sana, lakini kwa sharti ambalo vipeperushi vya vyuo havilitaji: mwanafunzi awe tayari kuzitumia wikendi zake kwenye viwanja vya klabu ndogo, kwa sababu mambo mengi niliyofundishwa darasani niliyaelewa nikiwa huko.

Nianze na gharama. Chuo cha umma katika jimbo hili hakimtozi ada ya masomo hata mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya. Kinacholipwa ni mchango wa muhula, ambao kwa chuo changu ulikuwa takriban euro 300. Si majimbo yote yako hivyo. Baden-Württemberg, kwa mfano, limekuwa likiwatoza wanafunzi wa kigeni euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Mzigo mkubwa uko kwenye visa, kwa sababu mwombaji hutakiwa kuthibitisha kwamba ana fedha za kujikimu, na wengi huthibitisha kwa kuziweka kwenye akaunti maalumu iitwayo Sperrkonto, ambayo humruhusu kutoa kiasi fulani tu kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiwango hicho ni euro 11,904 kwa mwaka, yaani euro 992 kwa mwezi. Bima ya afya ni ya lazima. Kazi za muda zinaruhusiwa, na tangu Machi 2024 mwanafunzi wa kigeni anaweza kufanya kazi siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, jambo lililonisaidia kulipa kodi ya chumba bila kuacha vipindi.

Ndani ya mchango wa muhula mna tiketi ya usafiri, na kwa mwanafunzi wa michezo sijui kama kuna kitu chenye thamani zaidi ya hiyo. Katika vyuo vingi tiketi hiyo sasa inatumika nchi nzima kwenye mabasi, tramu na treni za kawaida, isipokuwa treni za mwendo kasi. Jimbo lenyewe limejaa soka: Dortmund, Gelsenkirchen, Bochum, Essen, Duisburg, Düsseldorf, Mönchengladbach, Leverkusen na Köln zote zimo humo, na kutoka Dortmund hadi Köln ni saa moja na dakika chache tu kwa treni. Mtu anaweza kuondoka asubuhi, akaangalia mechi ya daraja lolote analotaka, na usiku akalala kitandani kwake.

Somo lililonivutia zaidi lilikuwa la sheria na uendeshaji wa klabu. Klabu nyingi za Ujerumani zilizaliwa zikiwa vyama vya wanachama vilivyosajiliwa, ambavyo hutambulika kwa herufi e.V. baada ya jina, na sheria inataka wanachama wasiopungua 7 ili chama kisajiliwe. Mwaka 1998 shirikisho la soka la nchi hiyo, DFB, liliruhusu timu za kulipwa zihamishiwe kwenye kampuni, lakini kwa masharti kwamba chama mama kibaki na nusu ya kura na kura moja zaidi. Hiyo ndiyo kanuni inayoitwa 50+1. Msomaji wa Tanzania ataikumbuka mara moja hesabu ya 51 kwa 49, wanachama kwa mwekezaji, iliyotawala mjadala wa uwekezaji katika Simba na Yanga, na nakiri kwamba mjadala huo ndio ulionifanya niichague nchi hii badala ya Uingereza, ambako tajiri mmoja anaweza kuinunua klabu yote. Tulisoma pia mahali ambapo kanuni inalegezwa. Bayer Leverkusen na VfL Wolfsburg zimeruhusiwa kubaki chini ya kampuni zilizozilea kwa zaidi ya miaka 20, na Hoffenheim nayo ilikuwa kwenye kundi hilo hadi mfadhili wake, Dietmar Hopp, alipoamua, mwaka 2023, kukirudishia chama mama wingi wa kura.

Kisha ukaja mwezi Februari 2024, na mada hiyo ikatoka vitabuni. Kupitia DFL, ambacho ndicho chombo kinachoendesha madaraja mawili ya juu, ligi ilikusudia kumpa mwekezaji asilimia 8 ya mapato ya haki za matangazo kwa miaka 20, naye atoe fedha zilizotajwa kufikia euro bilioni 1. Mashabiki walikuwa wamekwisha kuanza kupinga tangu Desemba kwa kunyamaza dakika 12 za mwanzo wa mechi na kurusha sarafu za chokoleti, na sasa wakarusha mipira ya tenisi hadi mechi zikasimama kwa muda mrefu. Tarehe 21 Februari mpango ukafutwa. Katikati ya sokomoko hilo mhadhiri wetu aliiweka kando ratiba ya wiki, akatugawa pande tatu: ligi, klabu na mashabiki. Mimi nilipangwa upande wa ligi. Nilieleza kwa hesabu kwa nini fedha zile zingezisaidia klabu kujitangaza nje ya nchi, na mwenzangu mmoja Mjerumani, aliyekuwa mwanachama wa klabu tangu utotoni, akaniuliza swali moja tu: mwanachama aliulizwa lini? Mjadala uliendelea kwa saa mbili kuhusu swali hilo hilo, na sijawahi kuhudhuria kipindi kizuri kuliko kile.

Sehemu dhaifu ya kozi ilikuwa fedha. Mifano karibu yote ilitoka kwa klabu kubwa, ambazo haki za matangazo ni nguzo ya mapato yao, na mtu anayetaka kurudi kuisimamia klabu isiyo na mkataba wa televisheni angeweza kumaliza muhula bila kusikia habari inayomhusu. Kilichoiokoa kozi hiyo, kwangu mimi, ni kazi ya uwanjani ambayo mhadhiri mwingine alitupa: kila mwanafunzi achague klabu iliyo chini ya madaraja matatu ya juu, aende kwenye mechi yake ya nyumbani, na aandike kuhusu kila kitu isipokuwa mpira wenyewe.

Nilichagua Fortuna Köln, iliyokuwa ikicheza Regionalliga West, daraja la nne. Sababu ilikuwa historia yake, ambayo kwa mwanafunzi wa usimamizi ni hazina. Klabu hiyo ilikaa daraja la pili kuanzia 1974 hadi 2000, na mwaka 1983 ilifika fainali ya Kombe la DFB, ikafungwa 1–0 na jirani zao wakubwa, 1. FC Köln, katika jiji lao wenyewe. Kwa zaidi ya miaka 30 ilitegemea mfuko na hisia za rais mmoja, Jean Löring. Desemba 1999, timu ikiwa nyuma kwa mabao mawili nyumbani dhidi ya Waldhof Mannheim, rais huyo aliingia chumba cha kubadilishia nguo wakati wa mapumziko na kumfukuza kazi kocha Harald Schumacher, kipa wa zamani wa taifa, kabla kipindi cha pili hakijaanza. Timu ilifungwa 5–1, na mwisho wa msimu ikashuka. Mwaka 2008 klabu ilikwenda upande wa pili kabisa: ikaungana na mradi wa mtandaoni uliowawezesha watu waliolipa ada ndogo kuyapigia kura mambo ya klabu. Mradi huo nao haukudumu miaka mingi. Klabu ambayo imejaribu utawala wa mtu mmoja na utawala wa maelfu ya watu wasioonana ilinifaa kuliko nyingine yoyote.

Nilifika Südstadion saa mbili kabla ya mechi kuanza. Wanaume wawili walikuwa wanafunga mabango ya wadhamini kwenye vyuma vya pembeni, na ukisoma mabango hayo unaona uchumi wote wa daraja la nne: fundi wa mabomba, gereji, duka la mikate, mtengeneza madirisha. Katika klabu kubwa mdhamini hununua kuonekana kwenye televisheni. Hapa ananunua kutambuliwa na jirani zake, naye mwenyewe anakuja na familia kuliangalia bango lake. Nafasi nyingi za uwanja ni za kusimama. Mashabiki wa timu pinzani walikuwa na lango lao, choo chao na kibanda chao cha chakula, kwa hiyo makundi mawili hayakukutana tangu yalipoingia hadi yalipoondoka. Hata mechi ya watu wachache ina mpango wa usalama unaokubaliwa na polisi mapema, pamoja na watoa huduma ya kwanza wanaokaa mahali maalumu.

Niliongea kwa muda mrefu na mzee mmoja aliyevaa kizibao cha waelekezaji. Anajitolea. Aliniambia kwamba alianza kazi hiyo timu ikiwa bado daraja la pili, na kwamba siku ya mechi, watu wanaolipwa na wanaojitolea wanafanya kazi bega kwa bega bila mgeni kuweza kuwatofautisha. Nilipomuuliza kuhusu kupanda daraja, alinieleza jambo ambalo baadaye nililithibitisha kwenye kanuni: Regionalliga ziko tano, nafasi za kupanda ni nne, na wakati bingwa wa West na wa Südwest wanapanda moja kwa moja, mabingwa wa kanda tatu zilizobaki wanagawana nafasi mbili. Halafu bingwa anatakiwa kupata leseni ya DFB, inayokagua hesabu na uwanja, na ndiyo maana kuna klabu ambazo haziombi hata leseni hiyo. Mzee alizungumzia bajeti ya umeme na nyasi kwa uchungu ule ule ambao wengine huuonyesha wanapozungumzia penalti iliyokosekana.

Kitu kilichonikaa zaidi ni kikombe. Kinywaji huuzwa kwenye kikombe kigumu cha plastiki, na mnunuzi hulipa amana juu ya bei, ambayo hurudishiwa anapokirudisha. Niliandika kurasa kadhaa kuhusu kikombe hicho, kwa sababu kinapunguza takataka, kinapunguza gharama ya usafi baada ya mechi, na kinawafanya watu warudi kibandani, ambako wengine hununua tena. Baada ya kipenga cha mwisho vijana walipita jukwaani wakikusanya vikombe vilivyoachwa, wamevipanga mnara mrefu unaoegemea bega, na wakavipeleka dirishani kuhesabiwa. Kwenye uwanja wa klabu ya St. Pauli, jijini Hamburg, shirika la misaada la Viva con Agua, lililoanzishwa na Benjamin Adrion aliyewahi kuichezea klabu hiyo, huchangisha fedha za miradi ya maji kwa kupokea vikombe ambavyo mashabiki wameamua kutodai amana yake. Wazo hilo linaweza kuigwa na klabu yoyote duniani bila mwekezaji, na ni mfano wa vitu ambavyo mtu haoni akiwa amekaa darasani.

Baadaye nilikwenda pia Dortmund, kwenye jukwaa la kusini la uwanja wa Borussia Dortmund, ambalo watu karibu 25,000 husimama. Ni tukio kubwa, na sauti ile huisikii kwa masikio tu, bali kifuani. Kimasomo, hata hivyo, sikujifunza mengi, kwani kila kitu kimefichwa nyuma ya milango ya kielektroniki na wafanyakazi wenye sare. Nilikuwa mteja, na mteja haonyeshwi jiko. Tiketi zenyewe ni ngumu kupatikana.

Lawama yangu kubwa kwa chuo changu inahusu mafunzo kwa vitendo. Kozi ilitangazwa kuwa inafundishwa kwa Kiingereza, na kweli ilifundishwa hivyo, lakini muhula wa mafunzo kazini ulipofika tuliachwa tujitafutie nafasi wenyewe, na karibu kila klabu niliyoiandikia ilitaka mtu anayeweza kupokea simu kwa Kijerumani. Wenzangu kadhaa waliokuja na Kiingereza pekee walimalizia kwenye ofisi za kampuni zisizohusiana na michezo. Mimi nilipata nafasi kwenye klabu ya daraja la tano, kwenye idara ya uanachama, kwa sababu nilikuwa nimeendelea na madarasa ya lugha jioni hadi ngazi ya B1, yaani ya kati. Chuo kinachojua hali hiyo kinapaswa kumwambia mwombaji kabla hajafunga akaunti yake ya benki nyumbani.

Kwa hiyo anayefikiria kuomba aanze Kijerumani mwaka mmoja kabla, hata kama barua ya udahili haiitaji lugha hiyo. Aangalie pia ramani: chuo kilichozungukwa na klabu za madaraja ya chini kinamfaa zaidi kuliko chenye jina kubwa kilicho mbali nazo. Na kabla ya kukubali nafasi, amwandikie mratibu wa kozi amwombe orodha ya klabu zilizopokea wanafunzi wa kigeni kwa mafunzo msimu uliopita, kisha aziandikie klabu mbili au tatu kati ya hizo kuuliza wanafunzi hao walipewa kazi gani.