Kebo ya mtaani, dishi la nyumbani na mvua ya Mbeya: uzoefu wangu

Ukiingia duka la ving'amuzi hapa Mbeya, muuzaji atakutajia idadi ya chaneli kabla hujakaa. Mwache amalize. Kisha muulize mvua ikinyesha inakuwaje, na fundi wao anakaa wapi. Mimi nimelipia kebo ya mtaani na dishi kwa wakati mmoja, moja ofisini na nyingine nyumbani, na maswali hayo mawili ndiyo yaliyoamua pesa yangu inaenda wapi sasa.

Ofisi yangu ni fremu ya kushonea nguo pale Mwanjelwa. Televisheni iko ukutani kwa sababu mteja anayesubiri sketi yake ipunguzwe hataki kuangalia vitambaa, na kwa sababu mimi mwenyewe ni mtu wa tamthilia tangu zamani. Cherehani haizuii masikio, na macho nayaibia nafasi kila uzi unapokatika. Nyumbani ni Iyunga, ambako rimoti ina wagombea wengi kuliko udiwani.

Nianze na kebo. Kwa asiyeijua: mwenye kebo ana chumba, juu ya paa lake madishi, ndani ving'amuzi vimepangwa kwenye rafu, na picha zote zinaingizwa kwenye waya mmoja unaorukia nguzo hadi nguzo mpaka dirishani kwako. Huhitaji king'amuzi wala kadi. Nilikuwa nalipa shilingi 15,000 kwa mwezi, na kuna jambo moja ambalo dishi haliwezi kuifikia kebo. Ukiugawa ule waya, televisheni ya sebuleni inaangalia mpira na ya chumbani inaangalia tamthilia, kila moja na chaneli yake. King'amuzi kimoja ukikigawa, nyumba nzima inaangalia kile anachotaka mwenye rimoti. Wenye familia kubwa wasiidharau kebo kwa hilo.

Sasa kero. Kule kwenye rafu, king'amuzi kimoja kinatoa chaneli moja tu. Mwenye kebo mdogo hana ving'amuzi vya kutosha, kwa hiyo chaneli uliyouziwa Jumatatu inageuka kitu kingine Jumamosi. Uko kwenye harusi, mchumba wa zamani ameshafika mlangoni na bastola, ghafla unaona wachezaji wanapasha misuli. Hakuna tangazo wala samahani. Nilimpigia simu kijana wao.

"Mdogo wangu, mmetoa tamthilia."

"Dada, shikamoo. Ni mechi hiyo, watu wa mpira ni wengi."

"Na sisi wa tamthilia hatulipi?"

"Mnalipa, dada. Ila nyie mkikosa hamtukani."

Nilicheka, lakini alikuwa amenieleza sera nzima ya kampuni yao. Anayetukana ndiye anayehudumiwa. Baada ya hapo wateja wangu wawili watatu wakaanza kupiga kwa ukali unaostahili, na tamthilia ikawa inarudi angalau kipindi cha mapumziko.

Kero ya pili ni umeme, na hii wengi hawaielewi. Waya mrefu unapunguza nguvu ya picha, kwa hiyo njiani kuna vibustaa vinavyoisukuma mbele. Kibustaa kinakula umeme wa mtaa kilipofungwa. Umeme ukikatika huko, wewe unao, feni inazunguka, taa inawaka, na televisheni inaonyesha chenga. Ukipiga simu unaambiwa angalia waya wako nyuma ya TV. Nyuma ya TV hakuna kitu, tatizo liko mtaa wa tatu.

Viungio navyo ni shida. Wanaviringisha selotepu nyeusi, mvua ya Desemba inaingia, na kuanzia hapo chaneli za juu zina vivuli, mtangazaji ana vichwa viwili. Halafu waya wenyewe wanauning'iniza chini. Fuso iliyojaa ndizi za Tukuyu ilipita ikauchukua wetu, ikaenda nao. Fundi alikuja baada ya wiki na kitu, akiwa na ngazi ya kuazima. Mwezi ulipoisha, mkusanyaji wa pesa alifika siku ileile anayofika siku zote, na alitaka hela kamili. Hapo ndipo nilipowaambia waje wachukue kilichobaki cha waya wao.

Nyumbani kuna dishi. Picha ni safi mno ukilinganisha, sauti haina mkwaruzo, na chaneli haibadilishwi na mtu. Adui wake ni mvua, na hapa ndipo watu wa Nyanda za Juu tunapopaswa kujua mambo ambayo mnunuzi wa Dodoma anaweza kuishi bila kuyajua.

Mawimbi yanayoshuka kutoka satelaiti hizi yako kwenye masafa ya juu, kati ya gigahezi 10 na 13. Matone makubwa ya mvua yanayameza na kuyatawanya. Manyunyu hayana shida. Ile mvua ya kishindo ya Januari, bati likipiga kelele mpaka hamsikilizani, ndiyo inayogandisha picha. Kifurushi cha bei kubwa na cha bei ndogo vinaganda pamoja, wala usidanganywe. Kinachosaidia ni dishi kubwa na mkono wa fundi. Dishi la sentimita 90 linakusanya mawimbi mengi zaidi ya lile la 60, kwa hiyo linabakiwa na akiba mvua ikianza kula. Kwa mtu wa Tukuyu, ambako mvua ya mwaka inapita milimita 2,000, mimi nisingehangaika kabisa na dishi dogo.

Mkono wa fundi ni huu. Ukiingia kwenye mipangilio ya king'amuzi utaona mistari miwili, nguvu na ubora. Fundi mvivu anazungusha dishi mpaka picha itokee, anadai hela yake, anaondoka. Siku ya jua kila kitu kinaonekana. Lakini ubora ulioachwa chini hauna akiba, wingu zito tu linakupotezea mchezo. Msimamie. Asifunge nati mpaka mstari wa ubora ufike mwisho wa pale unapoweza kufika.

Na aangalie miti. Dishi la DStv linatazama satelaiti iliyo nyuzi 36 mashariki, na Mbeya iko karibu na nyuzi 33, kwa hiyo linaangalia karibu juu kabisa. La Azam linatazama nyuzi 7 mashariki, ambayo kwa sisi tuliokaa huku ni upande wa magharibi, limeinama. Mparachichi wa jirani wa upande huo ukikua miaka miwili, unaanza kulaumu kampuni kumbe mti umeota mbele ya macho ya dishi. Mawimbi yanayokuja kwa mshazari pia yanapita ndani ya mvua kwa njia ndefu zaidi.

Dishi langu lilifungwa na fundi mvivu wa aina ile, na nilikuja kulijua hilo tarehe 21 Januari 2024, usiku wa Taifa Stars na Zambia kule San Pedro, AFCON ya Ivory Coast. Msuva ameshafunga mapema. Zambia wamebaki kumi, kadi nyekundu ya Kabwe (si hii Kabwe yetu ya daladala). Iyunga mvua inamwagika. Picha ikaganda, ikarudi, ikaganda tena na mchezaji mmoja mguu juu. Dakika za mwisho tulikuwa tunaangalia maandishi ya "hakuna mawimbi" watu wazima tumekaa kimya sebuleni. Goli la Patson Daka, dakika ya 88, tulilisikia kwenye redio ya jirani. Picha iliporudi mpira umeisha, 1-1. Sijui kama kuangalia lile goli kungeuma zaidi au pungufu, ila nilikuwa nimelipia kuumia kwa macho yangu. Wiki iliyofuata fundi mwingine kutoka Uyole alipanda juu ya bati, akalisogeza dishi kidogo tu, na tangu hapo mvua inatakiwa iwe ya hasira kweli ndipo tupotee.

Antena ya kawaida ina tabia tofauti. Masafa yake ni ya chini, mvua haiyasumbui, lakini mlima unayazuia. Mji wetu umekaa chini ya Loleza na safu yake, na ukiwa upande ambao kilima kimekukinga mnara, hata uinue mlingoti kama wa bendera hupati kitu. Jaribu kwanza kwa antena ya kuazima. Ikishika, unapata chaneli za nyumbani kama TBC1 na ITV bila kulipia mwezi, na ni vizuri kuwa nayo. Wenye kumbukumbu wanajua mwaka 2018 chaneli za bure zilivyoondolewa kwenye ving'amuzi vya kulipia kwa sababu ya masharti ya leseni, watu wakakosa taarifa ya habari huku wamelipia. Zilirudi baadaye, lakini antena yangu sikuitoa.

Sasa cha kuangalia, maana sikununua dishi nilitazame likikaa juu ya bati.

Kwa Kiswahili chetu, Jua Kali kwenye Maisha Magic Bongo ndiyo inayosimamisha kazi ofisini kwangu. Inavuta mambo, wakati mwingine kisa cha siku moja kinakula wiki, lakini waigizaji wanajua kugombana kama watu wanaojuana. Ukipenda kicheko, Mizengwe ya ITV bado ina siku zake nzuri.

Za kutafsiriwa zina wenyewe. Mama mkwe wangu wa Tukuyu, ambaye Kiingereza hakimhusu, aliifuata tamthilia ya Kituruki ya Sultan Suleiman kule Azam, iliyotiwa sauti za Kiswahili, kuliko anavyofuata habari za ukoo. Kila Hurrem, mke wa Sultan, akishinda hila moja anampongeza kwa Kinyakyusa, "ndaga fijo" (asante sana), kana kwamba wamefanya wote. Kwa maoni yangu sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za Kituruki zimekuwa bora kadiri miaka inavyokwenda, ingawa bado kuna mzee mmoja ambaye namsikia akiigiza mawaziri wa kila taifa. Wa umri wangu watakumbuka TBC1 mwaka 2011, ile ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake. Ilipendwa mpaka Rais Xi Jinping akaitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Mpaka leo sijaona tamthilia ya nje iliyomwelewa mkwe wa Kitanzania vile.

Mpira wa nyumbani, Azam ndiyo yenye haki za Ligi Kuu, mkataba wa miaka 10 uliosainiwa 2021 kwa shilingi bilioni 225.6. Mechi za Sokoine nenda uwanjani kama uko mjini, msimu wa 2013/14 Mbeya City waliposhika nafasi ya tatu hakuna kamera iliyoweza kubeba kelele zile. Za ugenini angalia nyumbani, au kibanda umiza kama unapenda kusukumwa.

Ukiwa na mgogoro na mtoa huduma, anza kwake kwa maandishi na utunze ujumbe wa malipo wa simu. Wakikupuuza, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana ofisi ya kanda hapahapa Mbeya. Kebo nyingi hutoa risiti za daftari au hazitoi kabisa, dai risiti kabla ya kutoa hela, maana mkusanyaji akibadilishwa deni linaanza upya.

Kwa sasa ofisini nimefunga antena na dishi dogo la pili. Kifurushi kikubwa nalipia Juni mpaka Novemba, anga ikiwa kavu. Desemba mpaka Aprili nashuka kifurushi cha chini, na wateja wanaotaka mechi kubwa nawaambia wazi kwamba mvua ikija, sketi itaisha kabla ya mpira.