Senetwet uani kwangu Lanet, Nakuru: uzoefu wangu

Maua nimepanda mengi hapa Lanet, lakini ninalolipendekeza kwa moyo wote ni lile ambalo wengi wetu hulifyeka kando ya barabara: senetwet, ambalo wanasayansi huliita Senna didymobotrya. Ni mmea wa kwetu Afrika Mashariki, si wa kuletwa.

Udongo wa huku mnaujua. Ni mwepesi, wa jivu la volkano. Unamwagilia asubuhi, jioni umekauka. Maji ya mfereji huja kwa zamu, na kuanzia Januari hadi mvua ya masika tunanunua ya boza. Waridi hunywa maji hayo kila siku na bado linanyauka. Senetwet haijawahi kunidai hivyo.

Mche nilinunua kwenye kitalu cha barabarani kwa Sh100. Mwenye kitalu aliniuzia mche mfupi wenye shina gumu, akaniambia niuache ule mrefu kwa sababu mizizi yake ilikuwa imeshajizungusha ndani ya kifuko. Ushauri huo pekee ulistahili bei niliyolipa. Niliupanda masika yalipoanza, shimo pana lenye samadi iliyooza, nikalizungushia kingo za udongo ili maji ya mvua yatuame pale pale, kisha nikatandaza nyasi kavu. Msimu wa kwanza niliusaidia kwa maji ya kusuuzia nguo. Tangu uliposhika, kiangazi unajitegemea.

Na maua yake! Mikungu ya manjano inasimama wima juu ya majani, na kileleni pana vichipukizi vyeusi ambavyo havijafunguka, kwa hiyo rangi mbili zinakaa pamoja kwenye mkungu mmoja. Ukifikicha jani unasikia harufu ya bisi. Kinachonifurahisha kuliko vyote ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa. Ua hili halina nekta. Chavua imefungiwa ndani ya vifuko vyenye vitundu vidogo nchani. Nyuki hulikumbatia ua na kuvuma kwa nguvu hadi chavua imwagike. Asubuhi unawasikia kabla hujawaona.

Wenye watoto wadogo wasikilize hapa. Majani na mbegu humfanya mtu aharishe vikali, na ukizidisha ni sumu. Usiipande karibu na mahali watoto wanapochezea, wala usijichemshie kwa kusikia tu watu wakisema. Mbuzi wanaoingia uani kwangu huinusa na kuiacha, jambo linalonisaidia kwa kuwa sina uzio imara.

Pia inakua haraka, hupita urefu wa mtu, na ukiiacha inakuwa matawi matupu chini na maua juu tu. Mimi huipogoa baada ya maua mengi kupukutika, na maganda huyakata kabla hayajapasuka. Huko Afrika Kusini, ambako si kwao, imeorodheshwa kuwa mmea vamizi, kwa hiyo mbegu zake si za kutupatupa ovyo. Anayezitaka kwa kupanda azimwagie maji moto na kuziloweka usiku kucha, maana ganda lake ni gumu.

Matawi ninayopogoa hayapotei. Gogo, yaani nyanya, wa nyumba ya pili huyakausha akapata mkaa wa kusugulia ndani ya sotet zake, vibuyu vya mursik, maziwa ya kugandisha, na kila nikishika panga huja kuuliza kama yapo manene.