PubMed kwa anayehesabu waandishi wanawake

Nimeitumia PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya makala za utafiti wa tiba, kila siku kwa miezi minne, na shida yangu ilikuwa moja: kujua wanawake wanaoandika makala za utafiti wa tiba wako wangapi, wamewekwa nafasi gani kwenye orodha ya majina, na wanaandika na watu wa taasisi zipi. Kwa kazi hiyo naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano ilipotelea mwaka 2014, na nitaeleza.

Ni huduma ya bure, huombwi kujisajili, na iko chini ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani tangu 1996. Ukiandika jina la mtu ukaongeza alama ya [1au], unaletewa makala ambazo yeye ni mwandishi wa kwanza. Ukiweka [lastau], unapata zile alizofunga orodha, yaani jina lake ni la mwisho. Kwenye tiba nafasi hizo zina uzito. Wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyebeba kazi, wa mwisho ndiye mkuu wa timu. Utafiti uliochapishwa 2006 kwenye New England Journal of Medicine ulipitia majarida sita maarufu ya Marekani: wanawake waandishi wa kwanza walipanda kutoka asilimia 5.9 mwaka 1970 hadi 29.3 mwaka 2004, ila wa mwisho walifika 19.3 tu. Ukihesabu majina yote kwa mkupuo, pengo hilo hulioni kabisa, nami naona ndilo lenye maana kuliko yote.

Wakati wa kupakua, usichukue faili la CSV, lile la jedwali. Majina yanakuja yamekatwa na taasisi hazimo. Chagua umbo linaloitwa PubMed: mstari wa FAU una jina kamili, na chini yake AD inataja anakofanyia kazi. Kwenye makala moja nilikuta mama mmoja, jina lake liko katikati ya orodha, ana AD tatu: hospitali, chuo kikuu, na chuo kingine cha nchi ya mbali. Ushirikiano wote ambao makala ile ingejivunia aliubeba yeye.

Sasa 2014. Grafu yangu ya kwanza ilionyesha ushirikiano wa taasisi umepaa ghafla mwaka huo. Nilifurahi mno, nikataka kumtumia msimamizi wangu usiku uleule. Kabla sijatuma nikafungua rekodi za 2012 mojamoja: waandishi kumi na wawili, AD moja. Kumbe kabla ya hapo PubMed ilikuwa ikiandika taasisi ya mwandishi wa kwanza peke yake. Watu walikuwa wakishirikiana vilevile, ila hawakuandikwa. Majina kamili nayo yanaanza na makala za 2002. Nyuma ya hapo, mbali na jina la ukoo, ni herufi za kwanza tu, na herufi haikwambii kama ni mwanamke. Maelezo haya yamo kwenye kurasa za msaada, lakini yangefaa kuonekana pale pale unapopakua.

Jinsia yenyewe PubMed haiandiki. Nilijaribu programu moja ya kukisia kwa jina, na imeniumiza. Kila Andrea ilimfanya mwanamke, wakati Italia hilo ni jina la kiume. Profesa mmoja mwanamke ikamwandika mwanamume. Niligundua nilipofungua ukurasa wake wa chuo. Tangu hapo naangalia kwa macho, na asiyethibitika anaingia safu ya "haijulikani". Safu hiyo siioni aibu. Afadhali iwe ndefu kuliko kumpa mtu jinsia isiyo yake.

Kilichonisaidia sana ni namba ya ORCID, kitambulisho cha pekee cha mtafiti chenye tarakimu 16, ambayo PubMed huionyesha mwandishi akiwa ameitoa. Mwanamke aliyebadilisha jina la ukoo baada ya kuolewa alikuwa watu wawili kwenye jedwali langu, kila mmoja na makala chache. Kwa namba ile nimemrudisha kuwa mmoja, na sasa yumo miongoni mwa waliofunga orodha mara nyingi zaidi.