Fundi Aliyeihukumu Injini Yangu Bila Kuipima

Si desturi yangu kulalamikia mafundi, maana gari langu ni la miaka mingi, na mwenye gari la namna hiyo hujifunza subira hata kama hakuzaliwa nayo. Hata hivyo, yaliyonipata gerejini siku chache zilizopita yamenikera kiasi kwamba nisipoyaandika nitaendelea kumsimulia kila anayeketi karibu nami, na watu wa nyumbani wameshachoka kuyasikia.

Gari lilianza kuvuja maji ya rejeta ghafla, bila dalili yoyote ya awali. Jioni nililiegesha likiwa zima. Kesho yake, baada ya mwendo mfupi tu, mshale wa joto ukapanda kupita katikati, nikasikia ile harufu tamutamu ya kulanti, yaani hayo maji ya rejeta yenye dawa, nikazima injini kabla gari halijachemsha. Chini yake palikuwa na dimbwi la kijani. Mfuniko wa rejeta sikuugusa, kwa sababu maji yaliyobanwa humo hubaki maji hata yakipita nyuzi 100, na ukiyafungulia ghafla hugeuka mvuke usoni mwako. Niliomba livutwe hadi gereji ya karibu, na hapo ndipo msiba wenyewe ulipoanzia.

Fundi, kijana ambaye angeweza kuwa mwanangu, alifungua boneti, akamulika kwa simu kwa muda mfupi kuliko wa kufunga kamba za viatu, akaona unyevunyevu pale hedi, yaani kichwa cha injini, inapokutana na bloku, yaani mwili wake, ambapo gasketi huziba katikati, akatoa hukumu: "Gasketi ya hedi hiyo. Injini ishushwe." Nilimwuliza kwa upole kama hangependa kwanza kupima mgandamizo ndani ya silinda, nikamweleza kwamba dalili za gasketi iliyoungua sikuziona: kwamba oili kwenye kijiti ilikuwa safi, haijawa na rangi ya maziwa, kwamba ekzosi haikutoa moshi mweupe, na kwamba sikuwa nimeona mapovu kwenye chupa ya akiba ya maji ya rejeta. Hakuitazama oili wala chupa. Alinitazama mimi, akasema: "Mzee, gari hili limekula chumvi nyingi, na wewe pia, tusipotezeane muda." Vijana wake wakacheka. Kuitwa mzee hakuniudhi, kwani mvi zangu si siri. Kilichoniudhi ni kile kicheko, na namna alivyoshindilia boneti kana kwamba anafunika maiti.

Nililiondoa gari papo hapo, nalo likavutwa kwa mara ya pili hadi kwa fundi mwingine ambaye hakusema neno lolote kuhusu umri wa mtu. Huyu aliiacha injini ipoe kabisa, akaiosha, akaikausha kwa kitambaa, akaweka kadibodi kavu chini, kisha akafunga pampu ndogo ya mkono yenye geji mahali pa mfuniko wa rejeta. Mfuniko wangu umeandikwa 0.9, kiwango cha shinikizo unachostahimili, kwa hiyo akapiga hadi hapo na hakuzidisha, akaeleza kwamba ukizidisha unaweza kupasua mpira au rejeta ambayo haikuwa na kosa. Mshale wa geji ulisimama, kisha ukaanza kushuka taratibu. Akaingiza kioo kidogo na tochi chini ya pampu ya maji, akaniita nitazame.

Pale, chini ya shingo ya pampu, kuna kitundu kidogo ambacho nimelimiliki gari hili miaka yote bila kukijua. Kilikuwa kimezungukwa na ukoko mkavu, wa kijani kilichofifia, na katikati yake tone lilikuwa likijijenga, likanenepa, likaning'inia, likadondoka. Kitundu hicho si kasoro, hutobolewa kiwandani makusudi, ili sili ya pampu, kizibo kinachozuia maji, inapochoka maji yatoke nje yaonekane badala ya kupenya na kuharibu beringi. Injini inapozunguka, tone hilo huangukia mkanda, mkanda huyatupa maji juu hadi kwenye kiungo cha hedi, na mtu mwenye haraka huona gasketi iliyoungua. Pampu ilibadilishwa pamoja na mkanda, kulanti mpya ikatiwa, hewa ikatolewa, na tangu hapo kadibodi ninayoilaza chini ya gari kila usiku huamka kavu.

Katika tathmini hii nilikusudia kumpa yule wa kwanza nyota moja. Baada ya hasira kupoa nikaona haki inanidai mbili, kwa kuwa alinikataza kulitembeza gari vile lilivyo, na alipoona kopo la unga wa kuziba matundu mkononi mwangu alisema utaziba njia nyembamba za rejeta kabla haujaziba tatizo. Kwa hilo alikuwa sahihi, na huenda aliiokoa hedi isipinde. Tena unyevu ulikuwapo kweli mahali alipouona, na yeyote angeweza kudanganyika. Lakini nilipokuwa nikiandika sentensi hiyo nimekumbuka kwamba pampu ya kupimia kama ile ya fundi wa pili ilikuwa imetundikwa kwenye msumari ukutani, nyuma ya kichwa chake, imejaa vumbi. Asiyekuwa na kifaa ningemsamehe. Huyu alikuwa nacho kwa umbali wa mkono mmoja, akachagua kucheka. Basi nimerudi kwenye nyota moja.

Juzi nilipita mbele ya gereji hiyo, akanisimamisha kwa bashasha kuniuliza injini niliishushia wapi. Nikamjibu kwamba haikushushwa, ilikuwa pampu ya maji. Akatikisa kichwa kama mwalimu aliyeridhika na mwanafunzi wake, akasema: "Unaona, mzee? Hata mimi niliishuku pampu tangu mwanzo." Hata ile nyota moja sasa naiona nyingi.