Wakaguzi wa tiketi au tramu za bure?

Berlin, tramu hazina geti. Unapanda tu, na mkaguzi aliyevaa nguo za kawaida anaweza kutokea wakati wowote. Ukikutwa huna tiketi, unatozwa yuro 60. Kinachoniuma ni kwamba kukwepa nauli kwa makusudi ni kosa la jinai Ujerumani, na asiyeweza kulipa faini ya mahakama anaweza kuishia gerezani. Anayefungwa ni maskini, tena kwa safari ya dakika chache.

Luxemburg ilifuta nauli nchi nzima mwaka 2020, isipokuwa daraja la kwanza kwenye treni. Gharama hubebwa na kodi. Nchi ndogo na tajiri huimudu, lakini jiji linalotegemea nauli lingeyumba. Hata hivyo, Luxemburg imetenda haki zaidi. Wanaobaki na wakaguzi wafute angalau kifungo.